Majina na Kumbukumbu za Kihistoria za Mwanza: Ufafanuzi wa Kiisimu

1.0 Utangulizi

Historia ya mji huhifadhiwa katika mawe, majengo na makaburi. Hata hivyo, jiwe peke yake halisemi. Jina ndilo linalomweleza mtazamaji akumbuke nini. Makala haya yanafafanua uhusiano huo kwa mifano ya Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria.

2.0 Majina ya Kupachikwa

Alama mashuhuri kuliko zote mjini Mwanza ni miamba iliyochomoza majini, iitwayo Jiwe la Bismarck. Otto von Bismarck (1815–1898), Chansela wa Ujerumani, hakufika kamwe Afrika Mashariki. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, lakini jina likabaki.

Ziwa nalo lina kisa kama hicho. John Hanning Speke aliliona tarehe 3 Agosti 1858, akalipa jina la malkia wake. Hayakuwa maji yasiyo na jina: Wasukuma waliyaita Nyanza, wafanyabiashara wa pwani Ukerewe, Waganda Nalubaale, na Waluo Nam Lolwe. Kwa hiyo jina la kupachikwa halikujaza pengo, bali lilifunika majina mengine.

3.0 Jina la Mji

Husemwa mara nyingi kwamba Mwanza ni matamshi ya wageni ya neno nyanza. Dai hili linahitaji tahadhari. Sauti ng'w- ya Kisukuma hulingana na mw- ya Kiswahili, kama katika ng'wana na mwana. Hivyo basi, Ng'wanza na Mwanza ni jozi ya kawaida. Lakini ulinganifu huo hauelezi jinsi ny- ilivyogeuka kuwa mw-. Maelezo yanayopendwa na wengi si lazima yawe yamethibitishwa.

4.0 Majina Yaliyotoka kwa Wenyeji

Huko Bujora, karibu na Kisesa, makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada yanaitwa kwa jina la mahali penyewe. Aidha, huko Igoma wamezikwa wengi waliokufa katika ajali ya meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Baadhi yao hawakutambuliwa. Jina la meli limekuwa jina la msiba, nalo huwakumbusha watu hata wale ambao majina yao hayakujulikana.

5.0 Hitimisho

Nchini India, Bombay iligeuzwa rasmi kuwa Mumbai mwaka 1995, na mwaka 1996 kituo chake cha reli kilichobeba jina la malkia yuleyule kikapewa jina la Shivaji. Serikali yaweza kubadili kibao kwa siku moja. Haiwezi kufufua jina lililokufa pamoja na msemaji wake wa mwisho. Jiwe la Bismarck linaweza kuendelea kuitwa hivyo, kwani jina hilo nalo ni ushahidi wa ukoloni. Lililo la haraka ni kuyakusanya majina ya miamba, ghuba na visiwa kutoka kwa wavuvi na wazee wa Kisukuma na Kikerewe. Miamba itasubiri, wazee hawatasubiri.