Hati Zilizookoa Savannah

Mwaka 1954 mji wa Savannah, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, ulibomoa soko lake lililokuwa katika uwanja wa Ellis Square ili kujenga jengo la kuegeshea magari. Ili kuelewa ukubwa wa hasara hiyo, turudi kwenye ramani ya mwaka 1733. James Oglethorpe, mwanzilishi wa mji, alipanga kila mtaa uzunguke uwanja wa wazi: nyumba za kuishi zikae kaskazini na kusini, majengo ya umma mashariki na magharibi. Mji ulipokua uliongeza mitaa ya namna hiyohiyo, hadi viwanja vikafika 24. Kwa hiyo aliyeziba uwanja mmoja aliutoa mtaa mzima moyo wake.

Ubomoaji ulikuwa na sababu zake. Baada ya Vita Kuu ya Pili wenye uwezo walihamia pembezoni, na nyumba kubwa za katikati zikagawanywa vyumba vya kupangisha. Matofali ya kijivu ya Savannah, yaliyofyatuliwa na watumwa katika shamba la Hermitage, yalitafutwa sana na wajenzi wa nyumba mpya. Ikawa nyumba ina faida zaidi ikivunjwa kuliko ikisimama.

Mwaka 1955 wanawake saba walichangisha fedha na kuinunua Davenport House, nyumba ya mwaka 1820 iliyokuwa ibomolewe kupisha maegesho. Wakaunda Historic Savannah Foundation. Lakini mji hauwezi kugeuzwa wote kuwa makumbusho, na hapo ndipo ulipo ubunifu wa shirika hilo. Lilianzisha mfuko wa mzunguko: linanunua nyumba kabla mbomoaji hajaifikia, kisha linamuuzia mtu aliye tayari kuikarabati na kuishi humo. Masharti ya kutoibomoa yanaandikwa kwenye hati, nayo humfunga kila mmiliki atakayefuata. Fedha za mauzo hununua nyumba nyingine.

Njia hii ilitangulia sheria, tena ilifika mahali ambapo sheria hiyo haikufika. Sheria ya taifa ya uhifadhi ilipitishwa mwaka 1966, na mwaka huohuo kitovu cha Savannah kikatambuliwa kuwa eneo la kihistoria la taifa. Hata hivyo, utambuzi huo peke yake haumzuii mwenye nyumba kuibomoa kwa fedha zake mwenyewe. Sharti lililo kwenye hati linamzuia. Baadaye hata Ellis Square ilikombolewa: jengo la maegesho likavunjwa, magari yakashushwa chini ya ardhi, na uwanja ukafunguliwa tena mwaka 2010.

Ila faida ya uhifadhi huu ina walioilipia. Nyumba ikikarabatiwa bei hupanda, na mpangaji maskini, mara nyingi Mmarekani Mweusi, hulazimika kuhama. Upande wa magharibi hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka 1963 stesheni ya Union Station ilibomolewa kupisha barabara kuu ya I-16, na West Broad Street, mtaa wa biashara za Weusi, ukadhoofika. W. W. Law, kiongozi wa muda mrefu wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, mjini humo, alielewa kwamba historia ya Weusi isipotunzwa na wenyewe itafutwa. Jitihada zake ndizo zilizookoa King-Tisdell Cottage, nyumba inayotunza historia hiyo.

Leopold Adler II, mmoja wa viongozi wa uhifadhi wa awali, naye aliliona tatizo hilo la wapangaji maskini kulazimika kuhama. Katika miaka ya 1970 alianzisha mradi wa kukarabati nyumba za mtaa wa Victorian District kwa ajili ya wapangaji wa kipato cha chini waliokuwa wakiishi pale pale. Huo ndio uhifadhi uliokamilika. Ikiwa tunaweza kumfunga mwenye nyumba asiguse ukuta wa mwaka 1820, tunaweza pia kumfunga asimtupe nje mtu anayeishi nyuma ya ukuta huo. Mji unaojali kuta zake una wajibu wa kuandika masharti yote mawili.