Chumvi, Saruji na Mafuta: Utajiri wa Bonde la Ufa Mashariki mwa Butembo

Mgeni kutoka Dar es Salaam akiagiza petroli mjini Butembo, aghalabu atapimiwa mafuta ya taa. Mafuta ya magari huko huitwa esansi, na yale ya malori mazutu. Majina hayo yamepitia Kifaransa, ilhali bidhaa yenyewe hupitia Mombasa, ikavuka Uganda nzima na kuingia Kongo kwenye kituo cha mpakani cha Kasindi. Safari hiyo ndefu ina kinaya chake, kwa maana malori hayo hupita katika bonde ambalo chini yake, umbali mfupi kuelekea kaskazini, mafuta yamegunduliwa kwa wingi.

Butembo umejengwa kwenye nyanda za juu, zaidi ya meta 1,700 kutoka usawa wa bahari, juu ya miamba ya kale iliyokuwapo mamia ya mamilioni ya miaka kabla ya Bonde la Ufa kupasuka. Miamba ya namna hii huweza kuwa na dhahabu, kama ile ya Manguredjipa, magharibi mwa mji. Mafuta au makaa ya mawe hayatarajiwi humo. Kinachofaa kwa ujenzi ni udongo wa mfinyanzi unaotokana na kuoza kwa miamba hiyo, ambao hufyatuliwa matofali na kuchomwa kwa kuni za mikaratusi.

Upande wa mashariki hali ni tofauti kabisa. Ardhi inaporomoka hadi kwenye Ziwa Edward na Mto Semuliki, unaotoka katika ziwa hilo, ukapita mashariki mwa Beni chini ya milima ya Rwenzori na kumwaga maji yake katika Ziwa Albert. Sakafu ya bonde iliendelea kudidimia kwa mamilioni ya miaka huku mito ikiijaza mchanga na tope. Tabaka hizo za mashapo zimefikia unene wa maelfu ya meta.

Bidhaa ya kwanza ya bonde hili kupata soko ilikuwa chumvi. Ziwa Katwe, lililo upande wa Uganda, limekaa ndani ya kasoko ya volkano na halina mto unaotoka. Chemchemi huleta maji yenye madini, jua huyakausha, na chumvi hubaki katika mabwawa madogo yanayochimbwa kwa mikono kandokando ya ziwa. Biashara ya chumvi iliwaunganisha Wanande na majirani zao kabla ya kuwapo mpaka wowote wa kikoloni, na haishangazi kwamba Lugard alijenga ngome hapo Katwe mwaka 1891. Kiwanda cha kisasa kilichojengwa baadaye hakikudumu: maji yale yale ya chumvi yalikula mabomba yake. Mabwawa ya mikono yangalipo.

Wilaya hiyo hiyo ya Kasese ina mawe ya chokaa, nayo huchomwa pamoja na udongo wa mfinyanzi kwa joto la takriban digrii 1,450 katika kiwanda cha Hima ili kupata saruji. Saruji ya Uganda huvuka Kasindi kwenda Beni na Butembo.

Kuhusu mafuta, asili yake ni mabaki ya viumbe vidogo vya maziwa ya kale, yaliyofukiwa na kupashwa joto hadi yakageuka kimiminiko, kisha yakapanda na kunaswa katika tabaka za mchanga. Uganda ilithibitisha kuwapo kwake kando ya Ziwa Albert mwaka 2006. Kiasi kinachoweza kuchimbwa hukadiriwa kuwa mapipa bilioni 1.4. Mafuta hayo yana nta nyingi na huganda katika joto la kawaida, hivyo bomba la kilometa 1,443 kwenda Tanga limesanifiwa kupashwa joto njia nzima.

Isidhaniwe kwamba Ziwa Edward lazima lifanane na Albert. Kisima kilichotobolewa upande wa Uganda karibu na ziwa hilo mwaka 2010 kilikuwa kikavu. Upande wa Kongo, ziwa limo ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na wavuvi wa Kyavinyonge na Vitshumbi huwalisha samaki watu wa Butembo. Kwao, mafuta yakivuja, hasara itaanzia kwenye nyavu. Kampuni ya SOCO ya Uingereza ilipima sakafu ya ziwa kwa mawimbi ya mtetemo mwaka 2014, kukazuka upinzani mkubwa ndani na nje ya nchi, nayo ikajiondoa. Julai 2022 serikali ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta, baadhi vikiingia ndani ya hifadhi. Mnada huo ulifutwa Oktoba 2024. Mafuta yanayochimbwa nchini Kongo yangali yanatoka Muanda, pwani ya Atlantiki, upande wa pili kabisa wa nchi, na esansi ya Butembo ingali inapandishwa kutoka Kasindi.