Swali la Msaidizi na Usikivu wa Kiongozi Kazini

Kiongozi hupokea habari nyingi za kazi kupitia vinywa vya watu anaowazidi cheo, na ugumu wa kusikiliza huanzia hapo. Fundi, karani, muuguzi au dereva anayeona hitilafu humsoma kwanza mkubwa wake usoni, ndipo achague maneno. Mara nyingi huchagua maneno laini: “Sijui kama mzee ameiona hii…”, “Labda tungeangalia tena…” Onyo zito humfikia kiongozi kama swali dogo, na swali dogo hujibiwa kwa haraka au halijibiwi kabisa.

Usafiri wa anga umelichunguza jambo hili kwa undani kuliko sekta nyingi, kwa kuwa ndege za abiria hubeba kinasa sauti kinachohifadhi mazungumzo ya marubani. Baada ya ajali, wachunguzi huweza kusikia nani alionya, kwa maneno gani, na mkubwa wake alimjibu nini. Ofisi za kawaida hazina kumbukumbu ya namna hiyo.

Tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani, ziligongana katika uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife. Watu 583 walikufa, na hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi zaidi. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba waongozaji waliokuwa mnarani hawakuziona ndege hizo, wala zenyewe hazikuonana hadi sekunde za mwisho. Rubani mkuu wa KLM alikuwa msimamizi wa mafunzo ya marubani wa 747 katika shirika lake. Alipoanza kuongeza nguvu ya injini mara ya kwanza, rubani msaidizi alimkumbusha kwamba ruhusa ya kuruka haijatolewa, naye akasimama. Mara ya pili aliondoka tena bila ruhusa, na safari hii msaidizi hakupinga. Mhandisi wa ndege, aliyekuwa amesikia mazungumzo ya Pan Am kwenye redio, akauliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani. Rubani mkuu akamjibu kwa mkazo kwamba imetoka. Mhandisi hakuuliza tena, na muda mfupi baadaye ndege ziligongana.

Sababu za ajali ile zilikuwa nyingi. Mawasiliano mawili ya redio yaliingiliana na kuziba agizo la mnara la kusubiri, na baadhi ya maneno yaliyotumika yangeweza kueleweka kwa njia mbili. Hata hivyo, swali la mhandisi lilikuwa sahihi na lilikuja wakati ambapo bado lilikuwa na maana. Kilichokosekana ni mkubwa wa kulipokea.

Mwaka uliofuata, tarehe 28 Desemba 1978, ndege ya United Airlines aina ya DC-8 ilikaribia Portland, jimbo la Oregon nchini Marekani, ikiwa na watu 189. Taa ya kuonyesha kwamba magurudumu yamekaa sawasawa haikuwaka vizuri. Rubani mkuu akazunguka angani kwa takriban saa nzima akishughulikia tatizo hilo na kuwaandaa abiria. Wenzake wawili walitaja kiasi cha mafuta kilichobaki, lakini hawakutamka waziwazi kwamba yanakwisha na ni lazima kutua sasa. Injini zilizimika, ndege ikaanguka karibu na mji, na watu 10 wakafa. Wachunguzi wa Marekani walitaja makosa ya pande zote mbili: mkubwa hakuitikia aliyoambiwa, na wasaidizi hawakufikisha wasiwasi wao kwa uzito uliostahili.

Matukio haya yaliwafanya wataalamu wakubali kwamba ustadi wa kuendesha ndege hautoshi. Mwaka 1979 NASA iliandaa warsha juu ya suala hili, na mwaka 1981 United ikaanzisha mafunzo ya ushirikiano wa marubani, ambayo baadaye yalienea duniani. Rubani mkuu hufundishwa kuuliza maoni kabla ya kutoa uamuzi wake. Msaidizi hufundishwa kumwita mkubwa wake, kutaja anachokiona, kueleza hofu yake, kupendekeza hatua na kudai jibu. Madaraka hayapungui, kwa maana neno la mwisho bado ni la rubani mkuu.

Matunda yake yalionekana tarehe 19 Julai 1989. Injini ya mkiani ya ndege nyingine ya United, aina ya DC-10, ilipasuka na kukata mifumo yote ya kuongozea ndege. Rubani mkuu, Al Haynes, alikubali msaada wa Dennis Fitch, mkufunzi wa marubani aliyekuwa abiria, na wote wanne, wao wawili pamoja na rubani msaidizi na mhandisi wa ndege, wakashauriana hadi kufika uwanja wa Sioux City, Iowa. Kati ya watu 296, 184 walinusurika. Haynes alieleza mara kadhaa kwamba mafunzo yale ndiyo yaliyowasaidia.

Hospitali nazo zimechukua mkondo huo. Orodha ya ukaguzi wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008 huwataka wote waliomo chumbani wajitambulishe kwa jina na kazi kabla ya mgonjwa kupasuliwa. Mtu aliyekwisha kufungua kinywa mara moja huona wepesi wa kusema tena anapoona kosa.

Katika ofisi, kiwanda au shule, mbinu hizi hazihitaji gharama kubwa. Mwenyekiti wa kikao akitoa maoni yake kwanza, wengi humuunga mkono, hasa kwetu ambako kumpinga mkubwa hadharani huonekana kukosa adabu. Afadhali azungumze mwisho, akianza na walio chini. Swali “Mmeelewa?” huzaa “Ndiyo” hata kwa asiyeelewa, ilhali “Utaanzia wapi?” humlazimu msikilizaji kulieleza agizo kwa maneno yake. Mtu anayesema “labda” aulizwe papo hapo ana wasiwasi gani.

La uzito kuliko yote ni mapokezi ya habari mbaya. Mfanyakazi mmoja akikemewa mbele ya wenzake kwa kuripoti hasara, idara nzima hujifunza kunyamaza, na semina haifuti funzo hilo. Kwa sababu hiyo, waajiri wanaogharamia mafunzo ya mameneja wawapeleke na wasaidizi wao pia, chumba kimoja, wafanye mazoezi ya kuulizana na kupingana kwa heshima kabla ya siku ya hatari kufika.