Fisi wa Ukambani na Kalamu za Watoto Wetu

Insha nyingi za watoto wetu zafanana kama sahani za seti moja: jua linachomoza, ndege wanaimba, msimulizi anarauka, na msomaji anasinzia. Mtoto yule yule, baada ya chakula cha jioni, huwachekesha nduguze hadi wakashika mbavu. Akipewa kalamu, ulimi humkauka. Kosa si lake. Hajafunzwa kwamba ucheshi ni ufundi, na ufundi hupatikana kwa mazoezi.

Mazoezi hayo hayana gharama, kwa kuwa mali yake ni ngano za wazee. Mfano mwema tunao Ukambani. Marehemu Profesa John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alizikusanya ngano za Wakamba kutoka vinywani mwa wasimulizi, akachapisha baadhi yake mwaka 1966 katika kitabu Akamba Stories. Katika masimulizi ya huko fisi ni mlafi asiyeshiba wala kukoma. Na kwa Kikamba fisi huitwa mbiti. Mkusanyaji na mlafi wake walikuwa na jina moja!

Wahenga walinena kuwa njia mbili zilimshinda fisi. Tumtumie fisi huyo katika mazoezi manne, jioni moja kwa kila zoezi. Tuseme siku moja kuna karamu Kitui na karamu Makueni, na katikati upo Mto Athi, unaozitenga kaunti hizo mbili. Fisi amealikwa kote.

Zoezi la kwanza ni kusikiliza. Mtoto amwombe bibi au babu amsimulie kisa cha mlafi, akiandike kama kilivyosemwa, pamoja na vituo na marudio yake. Hapo atagundua mahali ambapo msimulizi hunyamaza kidogo kabla watu hawajacheka.

La pili, fisi aseme mwenyewe, wala asijue kwamba anachekesha. Kwa mfano: “Mimi si mlafi hata kidogo. Ni adabu tu inayonizuia kuwavunja moyo wenyeji wawili.” Kadiri fisi anavyojiona mwungwana, ndivyo msomaji anavyozidi kutabasamu.

La tatu ni kuchelewesha. Ukiandika, “Fisi alikosa karamu zote mbili,” umetoa habari, hukuchekesha. Jaribu hivi: “Fisi alinusa pilau ng’ambo hii, akanusa muthokoi ng’ambo ile, akapima, akahesabu, akalitaka shauri tumbo lake. Alipopata jibu, vyungu vilikuwa vimekwisha oshwa.” Neno lenye kicheko limewekwa mwisho, na hapana maelezo baada yake. Anayefafanua mzaha wake ameuzika.

La nne ni kuhamisha. Mtoe fisi Ukambani, umfanye mgeni wa Mombasa mwenye mialiko miwili ya harusi, mmoja Likoni na mwingine kisiwani, saa ile ile. Atashinda juu ya feri, akienda na kurudi, huku nguo zake zikinukia pilau asiyoionja. Ngano ni ile ile, lakini sasa mtoto anaandika mji anaoujua: foleni, jua, na kanzu iliyopigwa pasi kwa makini.

Kila zoezi likiisha, lisomwe kwa sauti mbele ya jamaa. Palipochekesha pabaki, palipochosha pakatwe, hata kama mwandishi alipapenda.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito kuliko yote. Yapo mabaraza ambamo kicheko hununuliwa kwa machozi ya mtu: mwenye kigugumizi, mnene, au mgeni mwenye lafudhi ya bara. Mtoto aliyefanywa kichekesho hukumbuka siku hiyo hata akiwa mtu mzima. Surat Al-Hujurat, aya ya 11, yatukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Fisi wa ngano hachekwi kwa umbo lake wala kabila lake. Huchekwa kwa ulafi, na ulafi huo kila msikilizaji anao kiasi chake. Ndiyo maana tukimcheka tunajirekebisha bila mtu kuvunjiwa heshima.

Basi mzazi, nunua daftari moja la nyumba. Wazee wanaondoka na ngano zao, na watoto wanakua na insha zisizo na ladha. Wakutanishe wangali pamoja.