Homa Baada ya Safari Si Uchovu

Zamani kijana wa Ufipa aliyetoka kwenda kutafuta kazi ya mbali alikaa huko miaka kabla ya kuonekana tena nyumbani. Siku hizi mambo ni mengine. Binti anaweza kuwa Dar es Salaam Jumatatu, India Jumatano, na Jumapili akawa Sumbawanga ameketi jikoni kwa mama yake. Wapo watoto wetu wanaoendesha malori ya Tunduma, wapo makondakta wa mabasi, na wapo wahudumu wa ndege. Wote hao hurudi nyumbani wakisema neno moja: "Nimechoka." Mwezi huu tunapenda kueleza uchovu huo ni nini, na hasa ni wakati gani tusiukubali kuwa jibu.

Tumfikirie binti mhudumu wa ndege ambaye mwezi wake umejaa. Amekwenda Dubai mara mbili, Mumbai mara moja, Guangzhou kule China mara moja. Kisha amepewa siku chache za mapumziko, naye anamleta rafiki yake wa kazini, mzaliwa wa Nairobi, aje aone kwao. Wanaruka hadi uwanja wa Songwe, Mbeya, na kutoka hapo wanapanda basi kupitia Tunduma na Laela mpaka Sumbawanga. Wanafika usiku. Asubuhi nyumba imejaa shangazi, wajomba na majirani waliokuja kusalimu, na wageni bado wamelala hadi saa 6 mchana. Maneno yanaanza: mtoto wa mjini ana maringo.

Si maringo. Ndani ya ubongo wa kila mtu ipo saa inayoamua lini tulale, lini tuamke, lini tumbo lidai chakula. Saa hiyo huelekezwa hasa na mwanga wa jua unaoingia machoni. Mwaka 1017 au mwaka huu, mwili wa binadamu ni ule ule. Lakini ni mwaka 2017 tu wanasayansi watatu Wamarekani, Hall, Rosbash na Young, walipopewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe hai. Sasa tazameni: Guangzhou iko mbele yetu kwa saa 5. Binti akitua kule saa 2 asubuhi, watu wanakwenda kazini, mwili wake unamwambia ni saa 9 usiku. Saa ya mwili hurekebika polepole, kadiri ya saa moja kwa siku, na kwenda mashariki husumbua zaidi kuliko kwenda magharibi. Mhudumu wa ndege hapewi hizo siku 5. Kabla mwili haujazoea, amekwisha geuza kurudi.

Sisi wauguzi tuliozeekea katika zamu za usiku twaujua uchovu huo bila kupanda ndege. Tumbo huvurugika, hasira huwa karibu, na hedhi za wengine hupoteza mpango. Mwaka 2007 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kazi ya usiku katika kundi la mambo yanayoelekea kuleta saratani, na mwaka 2019 wakaipitia tena wakaiacha pale pale. Kwa hiyo aliyefika kutoka safari kama hizo aachwe alale usiku huo. Kesho yake atoke nje mapema apate jua la asubuhi, ale pamoja na watu wa nyumbani kwa saa zao, na akisinzia mchana asipitishe nusu saa. Shangazi watasubiri.

Jambo moja huwashangaza wengi. Ndani ya ndege iliyo juu sana, hewa husukumwa ili ifanane na hewa ya mlimani, mahali penye mwinuko wa kati ya mita 1,800 na 2,400. Sumbawanga yenyewe iko karibu mita 1,800. Maana yake Mfipa akiwa angani hupumua hewa isiyopishana sana na ya nyumbani kwake! Ila hewa ya ndege ni kavu mno, ndiyo maana midomo hupasuka na macho huwasha. Maji ni bora kuliko kahawa na bia. Mwenye upungufu mkubwa wa damu au moyo mgonjwa aulize kwanza kwa daktari.

Kuhusu miguu, mhudumu ana nafuu kwa sababu hutembea. Sisi abiria ndio wa kuangalia, na hapa basi na ndege ni sawa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kukaa safarini zaidi ya saa 4, iwe angani au barabarani, huongeza karibu mara mbili uwezekano wa damu kuganda ndani ya mishipa ya miguu. Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Basi likisimama, shukeni mtembee; mkiwa mmeketi, zungusheni vifundo vya miguu. Miguu yote miwili ikivimba kidogo na kupungua baada ya kulala, hilo ni la kawaida. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, mtu asikandwe kwa maji ya moto wala kuchuliwa, aje hospitali. Kifua kikibana na pumzi kukata, aje mbio, maana donge la damu huweza kuondoka mguuni likaenda kuziba mapafu.

Sasa turudi kwa wageni wetu wawili. Siku ya tatu wana nguvu tena, na rafiki anataka kuona nchi. Wanapelekwa kwenye maporomoko ya Kalambo, ambapo maji huanguka zaidi ya mita 200, kisha wanateremka Kasanga kulala usiku 2 kando ya Ziwa Tanganyika. Wanakula migebuka, wanakaa nje hadi usiku kwa sababu ya joto, na chandarua wanakiacha kimefungwa juu kwa kuwa ndani hakuna upepo. Wanarudi kazini wakiwa na furaha.

Hapo ndipo penye hatari. Huku juu kwetu ni baridi na mbu wa malaria ni wachache. Chini kwenye Ziwa Tanganyika, na vilevile Bonde la Ziwa Rukwa upande wa Muze na Mtowisa, tumeteremka kama mita 1,000, ni joto, na mbu wapo. Mtu aliyekulia bondeni na kuumwa mara kwa mara huwa mwili wake umejifunza kupambana kidogo. Mzaliwa wa Nairobi, mji wa mwinuko kama wetu, hana kinga hiyo. Na binti yetu naye hana, hata kama ni Mfipa wa ukoo wote. Kinga ya malaria hairithiwi kwa jina la kabila, na hata aliyekuwa nayo huipoteza akikaa miaka mbali na mbu hao.

Vimelea havileti homa siku ile ile ya kuumwa. Huchukua siku 7 au zaidi, mara nyingi kati ya 9 na 14, pengine mwezi mzima. Hesabuni wenyewe: homa itamkuta msichana yule akiwa hotelini katika nchi isiyo na malaria. Atajisemea ni uchovu, ni mabadiliko ya saa, ni mafua ya kwenye ndege. Atameza dawa ya maumivu na kuingia zamu. Daktari wa kule naye huenda hajaona mgonjwa wa malaria mwaka mzima, na asipoambiwa habari za Kasanga hataifikiria. Malaria kali ya kwetu huweza kuua ndani ya siku chache tangu homa ianze.

Uchovu wa safari haupandishi joto la mwili. Ukiona homa, kutetemeka, kichwa kuuma sana na viungo kulegea, pima malaria siku hiyo hiyo, na useme bila kuulizwa ulikotoka. Kipimo cha kwanza kikionyesha hakuna na homa ikaendelea, rudi upimwe tena kesho yake. Ikipatikana malaria ya kawaida, dawa mseto humezwa kwa siku 3, dozi 6, ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Wengi huacha siku ya pili wakiona wamepona. Mgonjwa anayetapika kila kitu, anayechanganyikiwa, mwenye degedege, macho ya manjano au mkojo mweusi, huyo hatibiwi kwa vidonge nyumbani. Anahitaji sindano hospitalini.

Kwa wageni wasio na kinga, ipo dawa ya kuzuia, kwa mfano doksisaiklini, kidonge kimoja kila siku kuanzia siku moja au mbili kabla ya kuteremka ziwani na kuendelea wiki 4 baada ya kutoka. Wajawazito na watoto wadogo hawapewi hiyo, kwa hiyo waulize kwanza. Chandarua hakina mbadala hata kwa anayemeza vidonge.

Tuongeze mawili. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Mbu wake huuma mchana. Mwenye homa aliyepitia huko atumie parasetamoli, si aspirini wala ibuprofeni, maana hizo huweza kuzidisha kutokwa damu. Pia ipo aina ya malaria inayopatikana India ambayo hujificha katika ini na kuzuka baada ya miezi. Mwenye safari za Mumbai aitaje hata kama amekwisha kaa nyumbani muda mrefu.

Wazazi wenye watoto wa kazi hizi wawaombe waandike kwenye karatasi ndogo majina ya mahali walipolala na tarehe zake, kwa miezi 3 iliyopita. Mgonjwa mwenye homa kali hakumbuki vizuri, na rafiki aliyesafiri naye huenda yuko nchi nyingine. Karatasi hiyo ikae pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi hiyo, tangu Julai 2016, haihitaji tena kurudiwa kila miaka 10. Chanjo moja yatosha maisha yote, mradi ilichomwa angalau siku 10 kabla ya safari.