Kuhamisha Mikanda ya Video Katika Kompyuta

Katika nyumba nyingi za Morogoro, mjini na hata huku milimani Uluguru, utaona sandukuni au juu ya kabati mikanda myeusi ya video isiyotazamwa na mtu. Deki zimekufa, na mafundi wazijuao wamebaki wachache. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho duniani kuzitengeneza, iliacha kazi hiyo mwaka 2016. Lakini ndani ya mikanda hiyo zimo arusi, ubatizo, maulidi na mazishi ya miaka ya 1990, pamoja na sauti za wazee ambao leo hawapo. Kwetu Matombo tulikuwa na miwili. Mmoja tumeuokoa, wa pili umepotea kwa haraka yangu mwenyewe, nami naandika ili mwingine asifanye kama nilivyofanya.

Yafaa kwanza kujua mkanda ni kitu gani. Ni utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 12.7, na ule wa saa tatu una urefu wa kiasi cha mita 250. Utepe umepakwa unga mwembamba sana wenye sumaku. Ndani ya deki mna gurudumu lizungukalo mara 25 kila sekunde, nalo lina vichwa vidogo visomavyo alama za sumaku zilizoandikwa mshazari. Alama hizo hufifia kwa miaka, na gundi ishikayo unga hulegea. Lakini adui mkubwa kwetu ni unyevu. Upande wa mashariki wa Uluguru hupata mvua nyingi kuliko wa magharibi, na mkanda uliokaa chini ya kitanda miaka 20 huota kuvu.

Hapo ndipo nilipokosea. Mkanda wa mazishi ya babu ulikuwa na vidoa vyeupe vilivyoonekana katika kidirisha chake. Nikadhani ni vumbi, nikautia katika deki ya kuazima. Kuvu ikagandamana na vichwa, utepe ukanaswa, ukajikunja na kukatika mahali pengi. Bibi alikuwa ameketi mkekani akingoja, naye alikuwa amevaa kanga mpya kwa ajili ya siku hiyo. Basi mkanda wenye vidoa vyeupe usitiwe katika deki yo yote. Uwekwe mahali pakavu penye hewa, mbali na mingine, hata apatikane fundi wa kuufungua na kuusafisha.

Mkanda ukiwa mzima, vunja kwanza kile kipande kidogo cha plastiki kilicho mgongoni, kama bado kipo. Kikiisha kuvunjwa, deki haiwezi tena kurekodi juu yake. (Arusi ngapi zimefutwa na mpira wa Kombe la Dunia kwa sababu ya kipande hiki!) Kisha upeleke mbele mpaka mwisho na kuurudisha, upate kulegea.

Sasa chukua nyaya tatu za deki: wa njano ni wa picha, mweupe na mwekundu ni za sauti. Haziingii katika kompyuta moja kwa moja, kwa kuwa deki hutoa mawimbi ya umeme yapandayo na kushuka, na kompyuta hujua tarakimu tu. Katikati huwekwa kisanduku kidogo ambacho huyapima mawimbi hayo mara mamilioni kila sekunde na kuandika vipimo kwa tarakimu, halafu huchomekwa katika tundu la USB. Programu ya kupokea picha, kama OBS, hupatikana bure. Iambie kwamba mkanda ni wa PAL, mtindo wa Tanzania, wenye mistari 625 na picha 25 kwa sekunde. Ukichagua NTSC, mtindo wa Marekani, picha itarukaruka au kukosa rangi.

Njia ya mkato hakuna. Mkanda wa saa tatu huchukua saa tatu, na umeme ukikatika katikati, kazi huanza upya. Ukirekodi kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde, kila saa moja itachukua nafasi ya GB 3.6.

Wengi huuliza kama kompyuta itaing'arisha picha. Haiwezi kuongeza ambacho kamera haikukiona. Wako wanaozilainisha nyuso kwa programu mpaka zikawa kama za sanamu, mimi sipendi.

Flashi moja haitoshi, maana hupotea na kuharibika. Sisi tuna nakala tatu, na moja iko Dar es Salaam kwa shangazi. Mkanda wenyewe hatukuutupa.

Katika mkanda huo uliookoka, wa arusi ya shangazi mwaka 1996, babu anaonekana kwa sekunde 40 hivi, akimkemea mpiga picha asikanyage mihogo iliyoanikwa. Kila niendapo likizo, bibi huniomba nimrudishie kipande hicho.