Msafiri Asiyelala Ukambani

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa huiona Makueni kupitia dirisha la basi. Hupita Salama, Sultan Hamud, Emali na Kibwezi, akashuka Mtito Andei kunywa chai na kujinyoosha, kisha huyoo, ametokomea pwani. Kitui ndiyo hata haioni. Fedha zake hulala kwingine pamoja naye.

Kwanza mgeni aonywe juu ya neno lenyewe. Akiuliza hoteli katika miji hii, huenda akaonyeshwa mahali pa chai, chapati na muthokoi. Akitaka kitanda, aulize lojingi.

Ukarimu si jambo geni huku. Mwaka 1849, mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alipofika Kitui alipokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu. Ni katika safari hiyo, tarehe 3 Desemba, alipouona Mlima Kenya na theluji yake. Hapakuwa na lojingi. Palikuwa na mwenyeji.

Mfano bora wa leo uko Makindu. Hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926 katika mji uliokuzwa na reli, humpokea msafiri wa dini yoyote, likampa chakula na hata mahali pa kulala bila kumdai malipo. Mgeni huvua viatu, hufunika kichwa, na huacha pombe na tumbaku nje. Atakaye kutoa sadaka hutoa.

Mbele kidogo kuelekea Nairobi, penye chemchemi za Kiboko, kuna Hunter's Lodge, nayo ina kisa chake. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimtuma mwindaji J. A. Hunter kuisafisha ardhi ya Makueni ili watu wahamishiwe huko. Aliwaua vifaru wapatao elfu moja. Baadaye mtu huyohuyo akajenga nyumba ya wageni hapo Kiboko. Historia kama hii ingeandikwa ubaoni palepale, wangapi wasingesimamisha gari?

Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, hoteli nzuri zimeongezeka mjini Kitui na Wote. Si haba. Lakini nyingi huonekana kumngoja afisa wa semina, ambaye bili yake hulipwa na ofisi. Je, mama aliyeleta maembe sokoni akachelewa matatu ya mwisho? Na kijana aliyekuja kumwuguza nduguye hospitalini? Hao huhitaji chumba safi, maji, mlango wenye kufuli na bei iliyobandikwa ukutani. Kaunti zinazotoza ada ya leseni zina uwezo wa kuyadai hayo kabla ya kuitoa.

Wala visingizio vya njia havipo tena. Tangu 2017 gari moshi la Madaraka husimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei, na kutoka Kibwezi kuna lami inayopitia Ikutha na Mutomo hadi Kitui. Mtu aweza kulala Makindu leo, kesho akalala Kitui, na keshokutwa akarejea Nairobi kwa njia ya Machakos. Akiwa Kitui, na alipande jiwe la Nzambani asubuhi kabla ya jua kuwa kali. Asilizunguke mara saba tu: wenyeji husimulia kwamba afanyaye hivyo, akiwa mwanamume, hugeuka mwanamke, na mwanamke hugeuka mwanamume.